Mwaka wa Ndiyo Tupu

Mimi siamini mtu anayeimba. Simsemi mwimbaji wa redio, huyo yuko kazini. Namsema mtu wa nyumbani, mtu unayemjua mpaka soksi zake, ambaye anapita sebuleni na ghafla anaanza wimbo kana kwamba moyo umemfurika. Haujafurika. Anataka kitu. Mama yangu akianza kuimba jikoni, sauti ikipanda polepole mpaka ishinde maji ya bomba, maana yake ni vyombo vimejaa kwenye karai na kuna msichana mmoja humu ndani amejilaza na simu. Mwalimu wa hesabu akija darasani akiimba, kuna mtihani wa ghafla ndani ya bahasha aliyoshika. Mwanasiasa akiimba, wewe jishike tu. Ndiyo maana siku hizi najishuku mwenyewe. Tulimzika Kukhu likizo iliyopita, na chumba kimerudi kuwa changu, kitanda chote changu kutoka ukutani hadi ukingoni, na picha zangu nimezirudisha pale zilipokuwa. Na mimi, niliyekililia chumba hiki mwaka mzima, sasa nakaa humo nimetega sikio. Hakuna kitu. Jirani anakaanga vitunguu, mtoto wa chini analia, basi. Juzi nilijikuta ninavumisha wimbo bila habari, nikajiuliza: Nekesa, na wewe unataka nini?

Kukhu alikuwa mama yake Mama. Kwetu Waluhya nyanya ni Kukhu, hata siku anapokuchapa. Nilikuwa kidato cha pili alipoletwa kwetu Kangemi. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kulia kama mwizi anayeijua nyumba: kikachukua mkono, kikalegeza mguu, halafu kikaingia mdomoni kikabeba maneno yote na kusahau moja sakafuni. Neno lenyewe lilikuwa ndiyo. Umekula, Kukhu? Ndiyo. Hujala? Ndiyo. Wewe ni rubani wa ndege? Ndiyo. Walimweka chumbani kwangu kwa sababu hakukuwa na kwingine, na kuanzia siku hiyo chumba kilinuka dawa ya kuchua, ndizi mbivu na sabuni ya kipande. Alikuja na sanduku la bati, fimbo, na blanketi la buluu ambalo lilikuwa zito kama ng'ombe na lenye joto kuliko kitu chochote nilichowahi kujifunika. Mimi nilipewa godoro la chini na shuka mbili. Baridi ya Julai ya Nairobi mnaijua. Nilikuwa nalala nikitazama blanketi lile kwa chini jinsi paka anavyotazama samaki.

Sitasema uongo, neno lile moja lilinifaa. Mama alikuwa na saluni Kenyatta Market na hakuwa anarudi mapema, kwa hivyo mkubwa wa nyumba alikuwa Kukhu, na mkubwa wa nyumba alikuwa anakubali kila kitu. "Kukhu, niende kwa kina Swaleh tukatazame mpira?" Ndiyo. "Kukhu, hii nyama ya mwisho niimalize?" Ndiyo. Mama akiuliza, nilikuwa namwambia niliomba ruhusa, na Kukhu akiulizwa kama ni kweli, unajua atajibu nini. Lakini kulikuwa na kitu kilichonisumbua tangu mwanzo. Mdomo wake ukisema ndiyo, mara nyingi kichwa chake kilikuwa kinatikisika kushoto na kulia, na macho yake yalikuwa yananitazama kama mtu aliye ndani ya gari lililofungwa vioo. Nikasema ni ugonjwa. Kila mtu alisema ni ugonjwa.

Halafu, Jumapili moja asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni, nikasikia mtu anaimba chumbani kwangu. Ulikuwa ni utenzi wa kanisani wa Kiluhya, beti nzima, na maneno marefu ambayo hata mimi mwenye ulimi mzima yananishinda. Nikasukuma mlango. Kukhu alikuwa amekaa kitandani anakunja leso kwa mkono wa kushoto, anaimba kama mtu asiyejua hata maana ya daktari. Akaniona, akanyamaza. "Kukhu, ni wewe ulikuwa unaimba?" "Ndiyo." Nikatoka hapo na povu mdomoni, moja kwa moja hadi kwa Mama.

"Mama, Kukhu anaongea."

"Amesema nini?"

"Ameimba."

"Kuimba si kuongea."

"Si ni maneno? Mtu anaimba beti tano bila kukosea, halafu anashindwa aje kusema anataka maji?"

"Nekesa, mheshimu mama yangu."

"Namheshimu. Namshuku tu."

Mama alinifinya sikio, halafu mchana, akiwa ananifumua nywele, magoti yake yakiwa yamenibana mabega kama koleo, akanieleza mambo. Kukhu, kabla ya ugonjwa, alikuwa mwimbishaji. Si wa kwaya, wa matanga. Kwao mtu akifa watu wanakesha, na mwimbishaji ndiye anayetupa mstari na wengine wanaitikia vilevile alivyoutupa. Sheria ni moja: mwitikiaji hachagui. Mstari ukitupwa unaudaka na kuurudisha kwa sauti, ndiyo heshima kwa marehemu, hata kama mstari wenyewe unakuchoma. "Siku moja," Mama akasema, "kulikuja kikundi cha watu wa kijiji kingine, wanakula tu, hawalii, hawabebi kuni. Mama akawaimbia: wamekuja kwa chapati. Na wao wenyewe wakaitikia kwa nguvu, wamekuja kwa chapati! Walikuwa wamefika mara ya pili ndiyo wakajua ni wao." Mama alicheka mpaka chanuo likadondoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa pale kichwa nusu kimefumuliwa, nawaza kwamba mwanamke mwenye akili ya namna hiyo hashindwi kujifanya mgonjwa ili apate kitanda.

Nikamtegea mtego. Jioni moja nilirudi shuleni nikamkuta anachagua maharagwe kwenye sinia, mawe kushoto, maharagwe kulia, na anavumisha ule wimbo wake wa kuchagulia maharagwe, usio na maneno, unaopanda ngazi mbili na kushuka moja. Nikaketi karibu naye. Kwanza nikamwuliza kawaida: "Kukhu, nichukue hili blanketi lako liwe langu?" "Ndiyo," akasema, na kichwa kikatikisika. Sawa. Nikasubiri aanze tena kuvumisha. Nikaingilia wimbo ulipokuwa unapanda, nikatupa mstari kama mwimbishaji wa matanga, kwa dharau zangu zote: "Kukhu nichukue, blanketi la buluu?" Nikaacha nafasi.

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Wimbo ulikuwa unaning'inia pale hewani, unamngoja mtu wa kuushusha. Na Kukhu akaushusha. "Sitaki," akaimba. "Sitaki, sitaki."

Niliruka mpaka maharagwe yakamwagika. "Nimekushika! Nimekushika leo, Kukhu!" Lakini nilipomtazama niliona kwamba kati yetu wawili, aliyeshtuka zaidi hakuwa mimi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, kama mtu aliyekohoa na kutoa ufunguo. "Sema tena. Sema sitaki." Akafungua mdomo, akajikaza, mshipa ukamtoka shingoni. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nusu ya uso tu, na mimi nikabaki nimepiga magoti sakafuni nikiokota maharagwe, nikiwa na uhakika wote duniani kwamba nimemnasa, na bila uhakika wowote ni kwa kosa gani.

Kliniki yake ilikuwa Parklands, na mtaalamu wa usemi pale alikuwa mama mmoja wa Mombasa, Bi Rukia, mwenye hijabu safi kila siku na sauti ya mtu anayekubembeleza ununue kitu. Nilimripoti Kukhu kwake jinsi unavyomripoti mwizi. Nilieleza yote, blanketi, wimbo, maharagwe. Bi Rukia akaweka kalamu chini.

"Nani alokufunza kufanya hivyo, mwanangu?"

"Hakuna. Nilikuwa namtega."

"Basi umemtega vizuri. Sikiliza. Maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayatoki mlango mmoja kichwani. Nyanyako mlango wa kusema umezibwa. Huu mwingine uko wazi, ila hakuna aliyewahi kubisha."

"Kwa hivyo hajifanyi?"

"Wewe wajua mtu awezaye kujifanya hivyo, kutwa nzima, mbele yako wewe?"

Hilo lilikuwa pigo la haki. Akatualika Jumamosi. Alikuwa na kikundi cha wagonjwa kama Kukhu, wanakutana mjini, nyuma ya duka la vitambaa la ndugu zake, mtaa wa Biashara. Hapo shaka yangu ikapata nguvu mpya. Kikundi gani cha bure? Mtu wa Nairobi akikwambia njoo bure, tena kuna chai, uliza maswali. Mama naye alikuwa na yake: "Wanaimba nini huko? Wasije wakambadilisha dini kama hawezi kukataa." Kwa hivyo nilitumwa kama jasusi. Ningeenda, ningetazama, ningerudi na habari.

Chumba kile nakiona hadi leo. Unapita katikati ya majora ya vitambaa mpaka yanakugusa mabega pande zote, unafungua mlango wa mbao, na uko ndani ya darasa la madrasa, mikeka imekunjwa kando, ukutani kuna herufi za Kiarabu za kufunzia watoto, kubwa na za rangi, na chini yake wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wanafunzi waliochelewa kumaliza shule. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi kutoka Parklands, sari yake na raba nyeupe. Kulikuwa na Mzee Karanja, muuza nyama choma wa Kenyatta Market, mwili kama friji, ambaye kiharusi kilimwachia neno moja kama Kukhu, ila yeye alipata bahati mbaya zaidi. "Habari ya asubuhi, mzee?" nikamwamkia. "Mbwa!" akanijibu, kwa tabasamu la dhati kabisa, na kuninyooshea mkono. Binti yake akafunika uso. "Pole, anamaanisha njema." Nikampenda papo hapo. Hatimaye mtu wa kuaminika.

Kuhusu dini, walikuwa wamekubaliana zamani: hakuna tenzi, hakuna kasida, hakuna bhajani. Walichukua tuni tu. Kila mtu alileta tuni aliyoizoea, ya kuoshea vyombo, ya kubembelezea mtoto, na Bi Rukia aliivisha sentensi. Na-o-mba ma-ji. Mgo-ngo wau-ma. Waliimba pamoja wakigonga meza kwa mkono wa kushoto, halafu yeye ananyamaza katikati na kumwacha mgonjwa amalize peke yake. Kilichofuata kilikuwa kibaya masikioni, usidanganywe na mtu. Mzee Karanja aliimba kama lori linarudi nyuma. Lakini lori lile liliimba "naomba chai, binti yangu," maneno yote manne, na binti yake, mwanamke mzima mwenye mkoba wa ofisi, akatoka nje akasimama katikati ya vitambaa akatupa mgongo. Baada ya hapo tulipewa mahamri na chai ya tangawizi, na wasindikizaji tukakaa upande wetu. Ndipo nikamsikia yule binti akimwambia mwenzake: "Unajua mbaya ni nini? Watu wakijua huwezi kujibu, wanaacha kukuuliza. Baba alikuwa anakaa sebuleni kama kabati." Nikatafuna hamri langu polepole. Kukhu hakuwa kabati. Kukhu walikuwa wanamwuliza, tena sana, kwa sababu walijua jibu.

Jambo la aibu ni kwamba niliimba pia. Bi Rukia hakuruhusu watazamaji. Niliimba kwa kejeli mwanzoni, nikiiga sauti ya naibu mwalimu mkuu wetu, lakini huwezi kuiga na kugonga meza na kumsubiri mtu apate neno lake kwa pamoja. Kejeli inachoka kabla yako. Nikatoka pale mwili mwepesi, kifua kimefunguka, na niliporudi Kangemi sikugombana na mtu yeyote mpaka Jumatatu. Nilishuku tangawizi. Jumamosi iliyofuata nikakataa chai makusudi, nikaimba kavukavu. Wepesi ukaja vilevile. Nikarudi na habari kwa Mama: "Hawabadilishi dini. Lakini kuna kitu wanafanya, na sijui ni nini."

Ankoo Ferdinand alianza kuja kwetu mwezi wa tisa hivi. Huyo ni kaka mkubwa wa Mama, anakaa Karen, nyumba yenye geti ambalo lenyewe ni kubwa kuliko nyumba yetu. Tangu Kukhu augue alikuwa amekuja mara moja tu, akasimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita. Sasa akawa anakuja kila wiki. Akaleta kitambaa cha kichwa cha kijani. Wiki nyingine, sweta ya kijani. Wiki nyingine, kofia ya kijani, na Kukhu havai kofia. "Mama anapendeza na kijani," akasema. Nikamtazama Mama. Mama akatazama dari. Halafu akatoa hoja yake: hewa ya Nairobi ni mbaya, ngazi ni mbaya, nyumba mpya kule nyumbani imekamilika, ina vigae vyekundu na veranda, ametafuta msichana wa kumwangalia. Akamwinamia Kukhu na kupaza sauti kana kwamba kiharusi kilikuwa masikioni. "Mama! Unataka kurudi nyumbani?"

"Ndiyo," akasema Kukhu.

Chini ya meza, mkono wake wa kushoto ulikuwa umenishika sketi, na ulikuwa unanivuta mpaka kifungo kikalia.

"Ferdi, si unaona anatikisa kichwa," Mama akasema.

"Huo ni ugonjwa, sista. Amesema ndiyo, na wewe umesikia. Ama unataka nimwulize kwa Kizungu?"

Mama akaanza kukusanya vikombe. Baadaye, akichekecha unga wa chapati, nilimwambia kwamba Kukhu hataki. "Najua," akasema. "Lakini yeye ni kifungua mimba, na ni boma la mama yake, na mama yake amesema ndiyo mbele ya watu. Mimi nitasimama wapi? Nimwambie Ferdi kwamba mama yangu anaimba maneno yake nyuma ya duka?" Nikamjibu kwamba kama ni kusema, mimi nasema. Akaniambia mtoto hakai kikao cha wakubwa. Na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: mtu mzima angebebwa kama mzigo hadi kwenye veranda asiyoitaka, kwa neno ambalo hakulisema yeye, lilikuwa tu limebaki.

Kwa nini lakini? Hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu haamki siku moja akaanza kupenda mama yake kwa rangi moja. Nikapata jibu siku alipotoka kwenye korido kupokea simu, na mimi nikiwa nyuma ya pazia la bafu nafua soksi. "Siwezi kuomba watu kura na boma limefungwa kufuli," alikuwa anasema. "Mama akikaa pale veranda, wakipita wamwamkue, kazi nusu imeisha. Na sikia hii, bado anaimba! Haongei, lakini anaimba, nimemsikia mwenyewe. Tukimweka mbele ya watu, watalia, nakwambia." Nikasimama na soksi inayochuruzika mkononi, na kijani kile chote kikanijia: rangi ya chama. Mimi niliyeshuku kila mtu aliyewahi kuimba, nilikuwa sijawahi kumfikiria mtu anayetaka kuimbiwa.

Nilimpelekea Bi Rukia habari hizo zote Jumamosi. Alisikiliza, akakunja uso, akasema yeye si wa kuingia katika mambo ya watu na mama zao. Halafu akamgeukia Kukhu. "Leo tutafunza neno gani, mama yangu? Lile la kukataa? Twalijua tayari. Tuliongeze miguu." Tukaliongeza miguu. Mimi sitaki. Sirudi huko. Mkono wa kushoto mezani, tuni ya maharagwe, mara nyingi hivi kwamba Mzee Karanja naye akajikuta anakataa kurudi mahali ambapo hakuna aliyemwita. Kukhu alikuwa anaimba vizuri pale mimi nikimwanzishia. Lakini nilijua tatizo. Mbele ya Ankoo na wakubwa nisingeruhusiwa kuanzisha kitu. Na peke yake, bila mtu wa kubisha ule mlango, Kukhu alikuwa bado na neno moja.

Chakula cha mchana cha Karen kilipangwa Jumapili. Wazee watatu kutoka kata yao waliletwa, kuhakikisha kwa macho yao kwamba mama anarudi kwa hiari yake, na kurudi kusimulia. Tuliwekwa kwenye meza ndefu iliyong'aa mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Kulikuwa na kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mrenda, na uma na visu vimepangwa kila upande kama tunaenda upasuaji. Wazee walivisogeza kando kwa heshima wakanawa mikono. Kukhu alikaa mwanzoni mwa meza, kitambaa cha kijani kichwani. Ankoo aliongea sana. Aliongea kuhusu mizizi, kuhusu maziwa ya mama, kuhusu mtu asiyesahau alikotoka. Askari wa geti aliitwa alete viti, akabaki amesimama mlangoni. Halafu Ankoo akapiga glasi kwa kijiko. "Mama! Mbele ya wazee hawa. Uko tayari kurudi nyumbani?"

"Ndiyo," akasema Kukhu.

Makofi. Mama aliinamisha kichwa kwenye sahani. Na pengine yangeishia hapo, gari lingepakiwa, mimi ningepata kitanda changu, kama Ankoo asingekuwa na tamaa. Lakini alikuwa ameshaitoa simu arekodi. "Wazee wangu," akasema, "mnamkumbuka huyu mama alivyokuwa akitupa wimbo? Leo atatutupia. Haya, Mama. Anzisha, tuitikie."

Mtu aliyezaliwa katika boma lile, aliyelelewa na mwanamke yule, alimwambia mwimbishaji wa matanga aanzishe.

Kukhu hakufanya kitu. Alimtazama mwanawe, akatazama simu. Halafu nikaona mkono wake wa kushoto, kando ya sahani, unagonga meza. Polepole. Tena. Mimi sikuimba, naapa. Nilivumisha tu, mdomo umefungwa, ile ngazi mbili juu na moja chini, kama mtu anayefurahia mrenda.

"Ferdinand mwanangu," akaimba Kukhu.

"Ferdinand mwanangu!" wakaitikia wazee, nyuso zimefunguka. Ankoo alijaa kifua mpaka shati likavuta.

"Nyumba yako nzuri."

"Nyumba yako nzuri!" Askari wa mlangoni alikuwa na besi ya ajabu.

"Mimi sitaki."

"Mimi sitaki!" Ilitoka kwa nguvu ileile, kwa sababu mwitikiaji hachagui. Mzee mmoja alifungua macho katikati ya neno, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Sirudi huko."

"Sirudi huko!" Na hapo nilimwona Ankoo, simu imeinuliwa, mdomo wazi, anaitikia pamoja nao. Damu ni damu. Alikuwa amefika mwisho wa mstari ndipo uso wake ukajua.

Nilidhani amemaliza. Hayo ndiyo tuliyomfunza, hatukuwa na zaidi. Lakini mkono uligonga tena, na Kukhu akanigeukia, nusu ya uso ikicheka, na akatupa mstari ambao haukuwahi kufunzwa nyuma ya duka lolote, na ndani yake kulikuwa na jina ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu aletwe Kangemi.

"Nakaa na Nekesa."

Wakaitikia wote. Mimi nilishindwa. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana hadi ofisi ya mwalimu mkuu, nilifungua mdomo na hakukutoka hata ndiyo.

Mzee mkubwa wao alipangusa vidole kimoja kimoja. "Ferdinand," akasema, "tumesikia."

"Ni wimbo tu, mzee wangu. Hajui anachosema."

"Wewe ndiye umemwambia aanzishe. Na umeitikia mwenyewe, niko hapa nakuona." Akarudi kwenye kuku wake. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanatikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia.

Kukhu alikaa nasi mpaka mwisho. Sitasema alipona, kwa sababu hakupona. Alipata maneno machache ya kusema, "chai," "toka," jina langu kwa sauti ya nusu wimbo, lakini ukimwuliza jambo haraka bado ungepata ndiyo. Kwa hivyo tukajifunza kumwuliza polepole, kwa tuni. Nyumba yetu ikawa kichekesho. Mama anauliza kwa kuimba kutoka mlangoni kama Kukhu amekula, Kukhu anajibu kwa kuimba kwamba maharagwe yana chumvi, mimi naimba kwamba sikuyapika mimi. Jirani wa juu alituuliza kama tumeokoka. Jumamosi niliendelea kwenda Biashara hata Kukhu alipokuwa amechoka kwenda, na Mzee Karanja alikuwa ananipokea vilevile, mbwa, kwa upendo. Ankoo alimpata mwishoni, ukitaka kuhesabu. Kaburi liko pale mbele ya veranda yake yenye vigae vyekundu. Lakini alimpata akiwa amenyamaza. Na siku ya kumzika, kiongozi wa shughuli alipouliza nani ataanzisha wimbo, nilimwona Ankoo anatazama viatu vyake.

Jumapili hii nilikuwa nimelala kitandani kwangu mchana, chumbani kwangu, nimejifunika lile blanketi la buluu ambalo sasa hakuna wa kuniuliza nimelitoa wapi. Dawa ya kuchua bado inanuka ukutani, haitoki hata ufanye nini. Nikaimba. Si kwa sauti kubwa, kiasi tu cha chumba. "Kukhu nichukue, blanketi la buluu?" Nikaacha nafasi pale pale pa zamani, ingawa najua vizuri, sina wazimu. Wimbo ukaning'inia. Kule jikoni bomba likafungwa.

"Sitaki," akaimba Mama. "Sitaki, sitaki."

Nilisikiliza mpaka mstari ukashuka wote. Sauti ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzito kidogo mwishoni. Lakini mimi ninamjua yule mwanamke, na akiimba anataka kitu. Nikaamka nikaenda kukausha vyombo.